Faili Lililokataa Kufunguka

Mimi nakata karatasi. Hiyo ndiyo kazi yangu hapa dukani: kukata, kukunja na kubana. Mashine yangu haina akili hata chembe. Ukiweka karatasi inakata karatasi, ukiweka kidole inakata kidole, wala haikuulizi kama una uhakika. Nayasema haya mapema ili mtu asije akanibana kwa maswali ya kompyuta. Ya kompyuta nimeelezwa, tena nimeelezwa mara nyingi, kwa sababu kila nilipokuwa nikielezwa nilikuwa nakasirika na kutoka nje kabla hayajaisha.

Duka ni la mpwa wangu, binti mkubwa wa marehemu dada yangu. Yeye ndiye anayebuni kadi za harusi, mabango, lebo za chupa, vyeti vya shule na vitabu vya mazishi. Watu wanamwita Daktari, na jina hilo hakujipa. Lilitoka kwa mafundi wenzake. Faili likiharibika, likawa halifunguki kwa mtu yeyote, mwenye nalo anaambiwa mpelekee Daktari, yule akishindwa basi zika. Na yeye hakuwa akishindwa. Anafungua, programu inajifunga yenyewe, anafungua tena. Kinatokea kile kijisanduku cha kuomba radhi, kimeandikwa programu imepata hitilafu, na chini yake vitufe viwili, Jaribu tena na Acha. Sikuwahi kumwona mpwa wangu akibonyeza Acha. Nilikuwa namtania kwamba kile kitufe cha pili kwenye kompyuta yake kimewekwa pambo.

"Mjomba," alikuwa akinijibu, "faili likigoma mara ya kwanza halijafa. Limenuna tu. Unalibembeleza."

Basi ndivyo alivyokuwa akiyabembeleza, mkono mmoja kwenye kipanya, mwingine umeshika shavu, na mteja amekaa nyuma yake roho juu. Faili likifunguka mteja anashusha pumzi, na Daktari anapiga kofi moja tu, paa, anasema, "Kafufuka." Si mtu wa majivuno, lakini lile kofi lilikuwa la majivuno, na mimi nililipenda.

Mdogo wake tulimwita Kidoti, kwa sababu ya doa jeusi alilozaliwa nalo kando ya mdomo, upande wa kushoto, dogo kama punje ya ufuta. Jina lake la shuleni hakuna aliyekuwa akilikumbuka. Hata mama yake akikasirika alikuwa akifoka, "Kidoti, njoo hapa." Alikuwa na maneno huyo. Ukimpa moja anakurudishia matatu, na la mwisho linakuchekesha mpaka unasahau ulikuwa umekasirikia nini. Dada yangu alituachia mtoto huyu bado anavaa sare za shule ya msingi. Daktari akawa mama yake, mimi nikawa chochote kilichobaki.

Akaja kuolewa na fundi kompyuta. Mtu huyo sitamwita shemeji hapa, ingawa wakati ule tulimwita hivyo, tena kwa mapenzi. Alikuwa mcheshi, mkarimu, haji na mikono mitupu. Kompyuta kubwa ya duka aliiunga yeye. Programu ya kubunia aliiweka yeye. Alikuwa akija jioni anamsubiri mkewe, anakaa kwenye kiti cha wateja anamtazama Daktari akifufua faili la mtu, anawaambia waliopo, "Huyu shemeji yangu hata mkimpa jiwe atalifungua. Haachi, huyu." Tulikuwa tunacheka wote. Kumbe mwenzetu alikuwa anatusoma.

Kisha Kidoti akaanza kuanguka bafuni. Mara ya kwanza kaanguka bafuni, mkono umevimba. Mara ya pili kaanguka bafuni, jicho halifunguki. Aliponijia akiwa amejifunga kitambaa shingoni, na jua linawaka, nilikivuta kile kitambaa mwenyewe.

"Hilo bafu lenu lina vidole?" nikamuuliza.

Hakuwa na la kunirudishia. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, kwa sababu Kidoti kukosa jibu sikuwahi kuona. Tukaenda polisi. Wakamwita mumewe, akalia mbele yao machozi ya kweli, wakatuambia hayo ni ya nyumbani tukayamalize nyumbani. Walipofika nyumbani alimwambia mkewe, kwa upole kabisa, kwamba akithubutu kuondoka atamtafuta, na kutafuta vilivyopotea ndiyo kazi inayomlisha.

Akaondoka hivyo hivyo. Tulimtorosha mchana kweupe, mumewe akiwa kazini kwa mtu. Alikwenda mji wa mbali ambako hatuna ndugu wala jamaa, akapokewa na mama mmoja mtengeneza sabuni aliyewahi kuwa mteja wetu. Tukawekeana masharti. Simu asitupigie, nasi tusimpigie. Picha asipige. Vifurushi viende kwa basi kwa jina la yule mama. Mumewe alikuja dukani, akakaa kwenye kiti kile kile, akatabasamu.

"Shemeji, mke wangu yuko wapi?"

"Sijui," Daktari akasema bila kumtazama.

"Mjomba?"

Nikamwambia mimi nakata karatasi, na kama anataka kukatwa chochote asogee. Akacheka. Akasimama, akapangusa suruali, akasema, "Haya. Nitampata tu, wala msihangaike." Akatoka na kuufunga mlango taratibu, kama mtu aliyeacha mtoto amelala ndani.

Kidoti akawa anapika sabuni ya maji na yule mama, kwenye ua nyuma ya nyumba. Biashara ikashika. Akamwandikia dada yake, barua ikaja ndani ya kifurushi cha chupa tupu, kwamba sasa ameelewa maana ya kujikaza kisabuni, na kwamba anaomba lebo nzuri maana ile waliyonayo inafanana na ya sumu ya panya. Daktari alicheka mpaka akalia. Akamtengenezea lebo. Baadaye akaanza kumtengenezea nyingine nzuri zaidi, ya kijani, yenye majani na tone la maji linalong'aa.

Sasa chupa ya sabuni isiyoandikwa imetengenezwa wapi madukani hawaipokei. Ikabidi anwani iwekwe: mji, mtaa, nyumba. Daktari aliiandika kwa herufi ndogo kadiri ilivyoruhusiwa. Hatukuwa na wasiwasi, kwa sababu sabuni yenyewe iliuzwa kule kule, na huku lebo hazikupita mkononi mwa mtu ila mimi. Nilikuwa nazikata mwenyewe, vipande vilivyobaki nachoma. Sehemu moja tu huku kwetu ilijua Kidoti alipo, nayo ni ile kompyuta kubwa. Ndani yake faili liliitwa Kidoti, lebo. Tungeliitaje? Hilo ndilo jina lake.

Kwenye kompyuta hiyo kulikuwa na kijisanduku kingine, cha kila asubuhi. Toleo jipya liko tayari, maboresho ya uthabiti na usalama. Sasa, au Baadaye. Daktari alikuwa akibonyeza Baadaye kabla hata hajakaa vizuri. Alikuwa na sababu, tena sababu ya fundi. Toleo jipya alikuwa amelijaribu kwenye kompyuta yake ndogo ya mkononi, akafungua kazi za zamani, akakuta zimehama. Herufi zimesogea unywele mmoja, mstari wa chini umerukia ukurasa wa pili, vyeti vya shule nzima sahihi ya mwalimu mkuu imekaa juu ya jina la mwanafunzi. Akaapa kompyuta kubwa haiguswi. Muulize mbunifu yeyote mwenye kazi za miaka kwenye mashine yake, atakwambia angefanya hivyo hivyo.

Asubuhi moja simu ikalia. Mwanamume, sauti imekauka kwa kulia. Mama yake amefariki, mazishi ni keshokutwa, na fundi aliyepewa kitabu cha mazishi ameharibu faili na kuzima simu. Kaambiwa kuna Daktari. Je, anaweza kumtumia? Daktari akamwambia atume, na pole sana, kaka.

Likaja. Akalifungua, programu ikajifunga. Akabonyeza Jaribu tena. Ikakaa kidogo, ikaonyesha ukurasa mweupe, ikajifunga. Mimi nilikuwa nimekuja mbele kuchukua gundi.

"Hilo limeoza," nikamwambia. "Mwambie atafute picha upya, umtengenezee kingine. Utamaliza haraka kuliko kulibembeleza."

"Mjomba, mtu kafiwa na mama."

"Ndiyo nasema umtengenezee kingine."

"Maneno ya watoto wake yamo humu. Akianza kuyakusanya upya atayatoa wapi sasa hivi?"

Nikamwacha. Nilisikia kutoka nyuma kile kijisauti cha hitilafu, kidogo kinanyamaza, kidogo kinarudi. Alikunywa chai yake imepoa. Wateja wawili waliingia wakatoka. Kisha nikasikia kofi, paa.

"Kafufuka."

Nikaenda kutazama, siwezi kusema uongo, hata mimi nilifurahi. Kilikuwa kitabu kizuri. Jaladani palikuwa na bibi mmoja mwenye mashavu, anacheka, kageukia pembeni kidogo. Picha ilikuwa inatazama nje ya ukurasa, na mafundi wa kazi hii hawapendi hivyo. Wanataka mtu atazame ndani, kwenye maandishi, kwa hiyo wengi wanaigeuza picha tu, kulia inakuwa kushoto. Nikamuuliza kama ataigeuza.

"Sigeuzi sura ya mtu," Daktari akasema. "Watoto wake wanamjua ana upande upi."

Akahamisha maandishi badala yake, kazi mara mbili. Tukachapa. Nikakata, nikakunja, nikabana, nikapanga kwenye boksi. Mwenyewe hakuja. Daktari akampigia, simu haipatikani. Keshokutwa ikafika, ikapita. Niliguna kwamba atakuwa amepata mtu wa bei chee, na nikalisukuma lile boksi chini ya meza yangu, maana kutupa mama wa mtu siwezi. Daktari alisikitika zaidi yangu. Alikuwa akisema maskini, sijui walimzika bila kitabu.

Lebo za kijani za Kidoti tulizichapa wiki iliyofuata. Ziko mezani kwangu, karatasi nzimanzima, nimezibana chini ya kisu tayari kukata, simu yangu ikaita kwa namba nisiyoijua. Alikuwa yule mama wa sabuni. Kwanza nilimkasirikia kwa kuvunja sharti.

"Mjomba," akasema, "mlimtuma mtu na lebo?"

"Lebo gani?"

"Hii ya kijani. Ya majani na tone la maji."

Nikaziangalia karatasi chini ya kisu. Hakuna hata moja iliyokuwa imekatwa. Hakuna iliyokuwa imetoka nje ya mlango.

"Hiyo hatujaituma," nikasema.

"Amekuja nayo kwenye karatasi nyeupe ya kawaida. Amesimama getini anaisoma, akaniuliza nyumba ya sabuni ndiyo hii? Nikamwambia ndiyo. Mjomba, mimi ndiye niliyemwambia ndiyo."

Hakuweza kuendelea. Mwanamume fulani, jirani yao, akaichukua simu akaniambia kilichobaki, harakaharaka, kama mtu anayetaka kuutua mzigo. Kidoti alikuwa ameinama kwenye pipa. Mumewe alimpiga kwa chuma cha kukorogea sabuni, na alipoanguka akaendelea kumpiga. Majirani walimkamata yeye pale pale, hakukimbia. Kidoti walimweka kwenye gari la mtu, akafia njiani.

Kutoka kwenye mashine yangu hadi mbele ni hatua chache. Sijui nilizipitaje. Daktari alikuwa anamwonyesha mteja rangi za kadi. Nilimwomba yule mteja atoke, naye alipoiona sura yangu akatoka bila kuuliza. Nikamwambia mpwa wangu, nikamwambia yote kwa mkupuo, kwa sababu ningenyamaza katikati nisingeweza kuanza tena. Hakulia. Akaniuliza, "Lebo ya kijani?"

"Ya kijani."

"Haijatoka hiyo, mjomba. Haijaenda kokote. Imo humu."

Akaweka kiganja juu ya kompyuta, kama anayempima mtu homa.

Polisi wale wale waliotuambia tukayamalize nyumbani wakaja kuibeba kompyuta. Safari hii walikuwa na adabu. Walikuja na binti mmoja mtaalamu wa mambo hayo, msichana mtulivu, hana makuu. Siku chache baadaye alirudi kutueleza, ingawa hakuwa na lazima. Nilimwambia asituzungushe, aseme kwa lugha ya watu. Akatazama meza yangu, akaona trei mbili, moja ya karatasi za kukata, na kando yake ile ninayowekewa oda.

"Mjomba, hapa unajuaje la kufanya?" akaniuliza.

"Natazama oda iliyo juu."

"Sasa mtu akikuletea karatasi nyingi kuliko trei hii inavyobeba, zikamwagikia kwenye trei ya oda, zikaifunika?"

"Nitaona takataka juu ya oda. Nitaacha kazi niulize."

"Na kama ile iliyoangukia juu imeandikwa kama oda?"

Akasema basi ndivyo. Programu ile ilikuwa na tundu. Faili la picha linaweza kudanganya kwamba ni dogo, programu ikalitengea nafasi ndogo kwenye kumbukumbu yake, kisha linamwagika na kufunika sehemu ambayo programu husoma la kufanya baadaye. Likimwagika vibaya, programu inaona takataka, inajifunga. Likimwagika sawasawa, programu inafuata amri ya aliyelituma. Na amri ilikuwa kumfungulia mlango, akaingia kwenye kompyuta akiwa kwake amekaa. Akaandika Kidoti kwenye sehemu ya kutafuta. Halikumchukua muda.

"Aliligundua yeye hilo tundu?" nikauliza.

"Hapana. Lilikuwa limeshatangazwa. Waliotengeneza programu walitoa kiraka zamani, na kiraka kikishatoka, kila mtu anajua pa kuchungulia kwa yule ambaye hajakiweka. Yeye alijua mnatumia toleo lipi kwa sababu aliliweka mwenyewe."

Maboresho ya uthabiti na usalama. Nilitaka kuvunja kitu. Mtu anajua kuna tundu ambalo muuaji anaweza kupitia, halafu anakuandikia maboresho, kana kwamba anakuuzia godoro. Kwa nini hawakuandika mlango wako uko wazi? Daktari angebonyeza Sasa, vyeti vyote vikahame vikawe takataka. Nilimfokea yule binti kwa kosa lisilo lake, naye akaniacha nifoke mpaka nikachoka.

Daktari alikuwa amekaa muda wote ule kwenye kiti cha wateja. Akauliza swali moja tu.

"Ile mara ya kwanza, programu ilipojifunga?"

Binti akasita. Nilimkonyeza anyamaze, nilimkazia macho kabisa, lakini alikuwa mtu mkweli na mkweli wakati mwingine ni balaa.

"Ile mara ya kwanza ilishindwa," akasema. "Ilimwagika vibaya. Tundu lenyewe halishiki kila mara, inabidi faili lifunguliwe tena na tena mpaka liangukie sawa. Mtu mwingine angeshaliacha."

"Kwa hiyo kila lilipojifunga, mdogo wangu alikuwa amepona."

Binti akaanza kufunga mkoba wake.

"Alijua sitaacha," Daktari akasema. "Alikaa hapa hapa akawa ananiangalia."

Nilimwambia yule binti inatosha. Alipokuwa anatoka akaona boksi chini ya meza yangu, akanieleza kwamba yule bibi wa jaladani ni picha ya mtu baki, imeokotwa kwenye mtandao, huenda yu hai anakula zake. Yule aliyepiga simu akilia alikuwa mtu wa kulipwa, na majina ya watoto na maneno yao ya kuaga yalitungwa. Mimi nilikuwa nimemkatia karatasi nzuri, ile nzito.

Maiti ililetwa. Ndugu wakajaa nyumbani, na kama kawaida ya ndugu wakaanza kugawana kazi. Kitabu cha mazishi kikaleta mgogoro. Walitaka Daktari akitengeneze, dada mtu, tena ndiyo kazi yake, watu watatuelewaje? Nikang'aka, nikawaambia atakayelirudia hilo tutakosana. Wakampelekea fundi mwingine, kijana aliyewahi kujifunza hapa kwetu. Ni mtu mzuri, kazi aliifanya bure. Akaomba jambo moja, kwamba akimaliza amtumie Daktari faili alipitie kabla ya kuchapa, kwa heshima, na pia kwa kuwa yeye ndiye anayemjua marehemu.

Lilifika tumekaa ukumbini, viti vimetolewa nje, sisi tuko kwenye mkeka. Daktari akafungua kompyuta yake ndogo magotini. Akabonyeza lile faili. Programu ikazunguka, ikazunguka, ikajifunga. Kikatokea kijisanduku. Yule kijana anatumia toleo la zamani na kompyuta hii ina jipya, huwa yanagombana hivyo, ni jambo la kila siku, hakuna tundu wala muuaji. Mimi mkata karatasi nilijua hilo, sembuse yeye.

Jaribu tena. Acha.

Aliviangalia vile vitufe muda mrefu. Nikasogea karibu.

"Jaribu tena, mwanangu," nikamwambia polepole. "Hili ni la Kidoti."

Akaufikisha mshale juu ya Jaribu tena. Nilimwona anataka. Kisha akasogeza mshale hadi kwenye kile kitufe nilichokuwa nikikiita pambo, akabonyeza. Akafunga kompyuta, akanipa.

"Mwambie ni sawa," akasema. "Achape."

Nikampigia yule kijana, nikamwambia ni sawa, achape. Tulivipata makaburini, bado vinanukia wino, vimekatwa vizuri, sina neno. Watu wakagawiwa. Jaladani yuko Kidoti anacheka, anatazama ndani, kwenye maandishi. Picha tuliyowapa ilikuwa inatazama nje. Doa lake limehamia upande wa kulia.

Watu wengi vile hakuna aliyeona. Walijipepea navyo, wakaimba, wakalia. Nilimtazama Daktari upande wa pili wa kaburi. Alikuwa amekishika kwa mikono miwili, anaangalia jalada. Akainua kidole gumba, akafunika lile doa, akashikilia hivyo mpaka udongo ukaisha.